Mlima Mweupe Kwanza

Mimi utotoni nilijua jambo moja kwa hakika kuliko hata hesabu za kuzidisha: hadithi ikitolewa mchana, mama hupotea njia. Sikufundishwa shuleni. Nilifundishwa na Bibi, mamake mama, aliyekuja kukaa nasi Haltom City, Texas, mwaka niliotimiza miaka tisa, kisha nikahakikisha kwa macho yangu mwenyewe. Leo mimi ni mtu mzima. Nina mume, nina mtoto, nafanya kazi ya famasia katika mojawapo ya zile hospitali kubwa za Houston. Lakini mtu akianza kunipigia hadithi saa sita ya mchana tukiwa tunakula, mkono wangu unaenda kwenye simu kumuuliza mama yuko wapi. Cheka ukitaka. Hukuwepo.

Nieleze kwanza Bibi alitufikiaje. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, wiki nzima yuko barabarani. Mama alikuwa nesi, na kwa kuwa Houston walikuwa wanalipa vizuri zaidi, alikuwa anaendesha gari hadi kule, analala kwa mama mdogo Pearland, kando ya mji huo, anapiga zamu zake mfululizo, halafu Ijumaa anarudi kwetu macho mekundu. Mimi na mdogo wangu Maghanga tukawa watoto wa kuachwa kwa majirani. Ndipo Mama akamleta Bibi kutoka Wundanyi, kule milimani Taita, kwa viza ya kutembea. Alifika mwezi wa tano. Novemba ilikuwa lazima arudi.

Bibi alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ya kuita mbuzi walio ng'ambo ya bonde. Aliimba nyimbo za kanisani tangu asubuhi, beti zote, bila kitabu, hata zile beti za mwisho ambazo waumini wengine huzigugumia tu wakingoja amina. Sisi watoto tulikuwa tunaelewa Kiswahili chote, ila majibu yetu yalikuwa ya Kiingereza. Mama alishagomba mpaka akachoka. Bibi hakugomba hata siku moja. Alituangalia, akasema haya, akaendelea kumenya viazi.

Sasa, kitabu. Nilikiazima maktaba, cha watoto, kizito kidogo, na kwenye jalada palikuwa na msichana juu ya farasi wa rangi ya feruzi. Kilikuwa hadithi ya kubuni, lakini imefumwa kwa visa na imani za Wanavaho, wenyeji wa asili wa kule magharibi kwenye jangwa la mawe mekundu, ambao wenyewe hujiita Diné. Msichana wa kwenye kitabu alikuwa na bibi mfumaji wa mablanketi. Usiku mmoja Koyote, yaani mbweha wa huko, mjanja asiye na haya, akaingia akauiba wimbo wa kufumia kutoka mdomoni mwa yule bibi akiwa usingizini. Bila wimbo hakuna blanketi, na baridi inakuja. Basi msichana akapanda farasi wake kumfuata Koyote katika milima minne ya pembe nne za dunia: mweupe wa mashariki, wa feruzi wa kusini, wa manjano wa magharibi na mweusi wa kaskazini. Jamani, nilikipenda kitabu kile mpaka nikawa nakula nacho.

Bibi akaniona nacheka peke yangu mezani, akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza, mbio mbio, kama kawaida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hajaambulia kitu, nimweleze polepole kwa lugha anayoijua. Nikaanza, "Kulikuwa na msichana..." na hapo hapo akainua kisu cha viazi.

"Ngoja," akasema. "Jua liko wapi?"

Nikamwonyesha dirishani. Ilikuwa mchana kweupe.

"Basi funga mdomo. Hadithi ni ya usiku. Ukiitoa mchana, mama yako anapotea njia, na wako ndiye yuko njiani kila wiki."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuzima jiko. Nami nikamwamini papo hapo, maana kwa mtoto ambaye mama yake yuko kwenye barabara ya Houston kila juma, hilo si jambo la mzaha.

Tatizo likawa jua lenyewe. Kwetu Texas, kiangazi, jua linazama karibu saa tatu za usiku. Bibi wa watu ametoka kwao ambako jua likifika saa kumi na mbili na nusu linaaga kwa heshima, linakwenda zake. Alikuwa anatoka nje saa mbili usiku, anashika kiuno, anaangalia lile jua limekaa juu ya mapaa ya majirani, anauliza kama halina kwao. Na sisi saa tatu ndiyo ilikuwa saa ya kulala. Kwa hiyo hadithi ilikuwa inapata upenyo mdogo tu, giza likiingia na kabla ya Mama au simu ya Mama kuuliza kama tumelala. Ukurasa mmoja, kurasa mbili. Nilikuwa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, nakitoa mdomoni Kiswahili, jasho linanitoka, nakwama, Bibi ananipa neno, naendelea.

Na alikuwa msahaulifu, we acha. Kila jioni kabla hatujaanza lazima akosee.

"Tuliachia pale alipopanda mlima mweusi," anasema.

"Hapana, Bibi. Mweupe kwanza. Mweusi ni wa mwisho."

"Na yule farasi alikuwa mwekundu."

"Wa feruzi! Bibi, kila siku nakwambia, wa feruzi."

"Haya, haya. Mimi mzee, nasahau."

Maghanga alikuwa anajigaragaza kwa kicheko. Hata yeye, ambaye Kiswahili chake kilikuwa ndiyo na sitaki, akaanza kumsahihisha.

Kilichoniponza ni kiherehere. Ijumaa moja ya mwezi wa saba, joto la kuchemsha lami, Bibi amejilaza baada ya chakula, Mama yuko njiani anarudi kutoka Houston. Msichana wetu alikuwa anashuka mlima wa manjano. Maghanga akanibembeleza nimsomee. Nikamwambia ni mchana. Akasema tufunge pazia. Na mimi, mwenye akili zangu zote, nikaona kumbe jambo ni rahisi: tukiingia kwenye kabati la makoti tukafunga mlango, ndani kuna giza, na giza ni giza. Usiku una tofauti gani? Tukaingia na tochi. Nilisoma kwa sauti, mfululizo, kwa raha ambayo siwezi kukueleza, mpaka msichana akafika mlima mweusi na kumkuta Koyote ameketi mlangoni mwa pango, wimbo umemkaa kooni, unatoa mwanga kupitia manyoya ya shingo. Koyote akamwambia wimbo ndio huu, auchukue akiweza, lakini ajue kwamba yeye hajawahi kushindwa na mtu yeyote. Sura ikaishia hapo, na hapo hapo radi ikapiga nyumba ikatikisika.

Tulitoka kabatini tukakuta mvua ya kuvunja matawi. Ilinyesha, ikapita, jua likarudi kana kwamba halikufanya kitu. Saa ambayo Mama huwa amefika ikapita pia. Bibi akampigia. Simu haikuita kabisa. Baba akapigiwa huko aliko na lori lake, naye hakuwa na habari. Bibi akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu aje, haimbi.

Nilijua. Mtoto anajua kosa lake hata kabla halijatafutwa. Lakini aliyesema ni Maghanga, na alisema kwa Kiswahili, sentensi nzima, jambo ambalo siku nyingine tungelishangilia.

"Bibi, ilikuwa ndani ya kabati," akasema. "Haikuwa mchana ndani ya kabati."

Bibi akafumba macho. Hakutupiga, hakutufokea. Aliuliza tu tumefika wapi, nikamwambia mlangoni kwa Koyote. Akatikisa kichwa.

"Basi yule msichana bado yuko njiani," akasema, "na mama yenu bado yuko njiani."

Nikakimbilia kitabu. Nilimwambia nimalizie sasa hivi, nisome haraka haraka, msichana arudi kwao na Mama arudi kwetu. Bibi akaninyang'anya, akaonyesha dirishani kwa kidevu. Jua bado liko juu. Akaniuliza kama nataka kumwongezea mama kupotea. Nikaketi sakafuni nikamshika mguu, Maghanga akamshika ule mwingine, na tukaiangalia barabara. Nililia kilio cha kimya kile ambacho makamasi hutangulia machozi. Nilikuwa na hakika kwamba nimemuua mama yangu kwa tochi.

Gari lake lilikata kona jua likiwa bado halijazama. Tulimvamia kabla hajafungua mlango vizuri. Mama mwenyewe hata hakuelewa tunalilia nini. Barabara ilijaa maji, akasema, polisi wakawageuza, simu ikaisha chaji, "nika-miss exit moja tu," na katika zile barabara za vichochoroni akajikuta anaelekea Tyler, upande mwingine kabisa. Alikuwa anacheka. Bibi hakucheka.

"Ulipotea njia," akasema Bibi.

"Nilipotea, Mama. Ni mvua tu."

"Na mvua ilitumwa na nani?"

Mama akamwangalia Bibi, akatuangalia sisi, akaona afadhali aingie akaoge.

Kesho yake Bibi akataka kupelekwa maktaba. Alisema anataka kuwaona wenye hadithi hiyo. Nikamweleza kwamba maktaba si ya Wanavaho, ni ya mji. Akavaa kitambaa chake cha kanisani akaingia kwenye gari. Na tazama mambo ya Mungu: yule mama wa maktaba aliyenipa kitabu, Miss Verna, mwenye nywele zilizofungwa nyuma na bangili ya feruzi ambayo nimeiona mara zote bila kuiona, alikuwa Mnavaho. Mamake alihamia Dallas zamani kutafuta kazi, yeye akakulia huku, likizo akirudishwa kwa bibi yake jangwani kuchunga kondoo. Bibi akaniambia nimuulize swali moja tu. Kwao, hadithi hutolewa lini?

Miss Verna akaacha alichokuwa anafanya, akazunguka meza, akaja kusimama mbele ya Bibi kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Nilitafsiri kila neno, na nakumbuka nilivyovimba kichwa kwa kazi hiyo. Alisema hiki ni kitabu cha kubuni, na nyumba nyingi za kwao hazingejali kikisomwa wakati wowote. Lakini bibi yake yeye asingekubali Koyote asimuliwe kabla umande haujaganda. Hadithi za Koyote ni za majira ya baridi, nyoka na dubu na buibui wakiwa wamelala. Wakiwa macho husikia, na hawapendi kusemwa.

Nilipomaliza kutafsiri, uso wa Bibi ulikuwa unawaka kama wa mtu aliyepata ndugu.

"Umesikia?" akaniambia. "Hao nao wana bibi zao. Basi kitabu kifungwe mpaka kugande."

Niligoma. Nilimwambia yeye si Mnavaho, sheria yake ni ya usiku, tukiitii, yatosha. Akanijibu kwamba hadithi si yake, na ukiingia nyumba ya watu unavua viatu pale wanapovua wao. Nikamwambia jambo ambalo nilidhani amelisahau: mwezi wa kumi na moja anarudi kwao. Miss Verna alikuwa ameshatuambia kwamba huku umande huganda mwishoni mwa mwezi huo, au baadaye zaidi. Bibi ataondoka hajasikia mwisho. Niliona kabisa kwamba inamuuma, kwa sababu alikuwa anaitaka ile hadithi kuliko sisi. Halafu akampa Miss Verna kitabu kwa mikono miwili. Miss Verna akakitia kwenye droo yake, akaandika jina langu juu ya kikaratasi, na akaahidi hakitatoka mle mpaka baridi ije.

Sijawahi kungoja kitu maishani kama nilivyongoja baridi ile, na nimeshangoja matokeo ya mitihani, nimengoja kujifungua. Nyumba nzima ilishikwa na homa ya mlima mweusi. Msichana atamshindaje Koyote? Maghanga alisema atamtwanga ngumi. Mimi niliogopa kwamba atampa farasi wake, na usiku nilimlilia yule farasi. Mama naye, anayejifanya hana habari, alipiga simu kutoka Pearland siku moja akiwa mapumzikoni kusema yeye na mama mdogo wanadhani atamlewesha. Bibi alikuwa na neno moja tu.

"Mdomo huponza kichwa. Huyo ataponzwa na mdomo wake. Vipi, sijui."

Na bado aliendelea kusahau. Kuuliza si kutoa hadithi, alisema, kwa hiyo aliuliza hata mchana. Mlima wa kwanza si ndio wa manjano? Aliyeibiwa wimbo si mjomba? Nilimsahihisha nikiwa napiga mswaki, nikiwa nafunga viatu, nikiwa nakimbilia basi la shule.

Oktoba ilipoingia tukaanza kuweka sufuria ya maji nje kila jioni. Asubuhi Maghanga na mimi tulikuwa tunasukumana mlangoni kwenda kutia kidole. Vuguvugu. Kesho yake vuguvugu. Bibi alikuwa anakaa mbele ya runinga kumsikiliza mtu wa hali ya hewa, haelewi neno, anamwambia, "Mwanangu, hebu tuhurumie." Siku chache kabla ya safari yake upepo wa kaskazini ukashuka kweli kweli. Tulivaa makoti ndani ya nyumba. Mama akatafuta blanketi za ziada. Usiku wa mwisho Bibi mwenyewe aliitoa ile sufuria, akaiweka katikati ya nyasi mahali pasipo ukuta, akaisemesha. Asubuhi tukatoka sote na nguo za kulalia. Nyasi zilikuwa zinameta, na nikapiga kelele kwa furaha. Bibi akainama, akapitisha kiganja, akakiinua tuone. Umande mtupu. Maji ya kwenye sufuria yalikuwa baridi ya kuuma, lakini maji.

Njiani kwenda uwanja wa ndege sikuvumilia. Miss Verna hakuwa ameniruhusu hata kuchungulia, lakini nilimwambia Bibi tupite maktaba, nitasoma ukurasa wa mwisho tu, kimya kimya, nimnong'oneze sikioni. Hakuna nyoka atakayesikia.

"Wakio," akasema, na akaniwekea mkono kichwani. "Ni mchana, na anayeendesha ni mama yako."

Mama akatazama barabara sana siku ile. Pale mlangoni pa kuingilia wasafiri Bibi akatukumbatia, akatuambia tusiimalize hadithi bila yeye, akaondoka akiimba. Tulisikia ule ubeti mpaka mashine za ukaguzi zikaumeza.

Kuliganda Desemba. Siku ya Ijumaa. Nilifungua mlango nikaona uwanja mzima mweupe, na Maghanga akapindua sufuria, duara la barafu likaanguka miguuni pake likavunjika. Tulipiga mayowe mpaka jirani akatoka. Shuleni sikusikia neno. Miss Verna aliponiona naingia alikuwa ameshaifungua droo. Aliniambia nimsalimie bibi yangu, nimwambie kwamba yeye pia amengoja.

Kazi ikawa saa. Kwetu kukiwa usiku, kwao kumepambazuka. Nilichora duara mbili nikapiga hesabu kuliko nilivyowahi kupiga darasani, nikagundua kwamba saa moja jioni ya kwetu, giza limeshaingia, kwao ni saa kumi, jogoo la kwanza, bado giza. Kulikuwa na upenyo ambao usiku wa Bibi na usiku wetu unagusana. Mama akanunua kadi mbili za kupigia simu, maana kadi zile zilikuwa na tabia ya kukukatia kwenye utamu. Baba alikuwa nyumbani. Taa tukazima, tukabakisha ile ya jikoni, simu ikawekwa mezani kwenye spika.

Bibi alipokea kabla haijaita vizuri.

"Kumeganda?"

"Kumeganda, Bibi. Maji yamekuwa jiwe."

Nikamuuliza habari ya nyoka wa huko, maana Wundanyi Desemba si baridi ya kulaza nyoka. Akasema ameshawauliza, hawamjui Koyote. Niendelee. Kisha akasema nianze mwanzo, na nianze kama watu, na nipaze sauti. Sikuelewa kwa nini nipaze sauti. Nikasema paukwa.

"Pakawa!"

Si Bibi. Ilikuwa sauti ya watoto, wengi, kundi zima. Maghanga akaruka kutoka kwenye kiti. Bibi alikuwa amewaamsha watoto wa majirani wote, saa kumi alfajiri, akawapakia sebuleni kwake gizani, kwa kuwaambia kuna hadithi inatoka mbali na haiwezi kungoja jua. Hakuna hata mmoja wao ambaye ningemsimulia kwa Kiingereza akanivumilia. Na mimi sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nilifungua mdomo nikaanza.

Nilisimulia, jamani. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilipokwama, Baba alinipa neno, Mama alinipa neno, na nilipofika kwenye milima Bibi akadakia kutoka kwao kwamba wa kwanza ulikuwa mweusi, nami nikapaza, "Mweupe, Bibi, mweupe kwanza," na watoto wa Wundanyi wakacheka. Yule mama wa sauti iliyorekodiwa kwenye kadi akaingilia kati kututangazia kwamba dakika zinaisha. Tukakatika. Mama akakwangua kadi ya pili kwa kucha, tukapiga tena, na waliopokea walikuwa wanapiga kelele, endelea, endelea, yuko mlangoni kwa Koyote.

Basi sikia alivyofanya. Msichana hakupigana, hakutoa farasi. Aliketi mbele ya Koyote akamwambia wimbo huo hana haja nao, anaujua, na akaanza kuuimba. Akauimba vibaya, makusudi. Akageuza maneno, akatanguliza ubeti wa pili, akapotosha sauti. Koyote akajikaza. Akang'ata ulimi, akakwaruza mawe, akaziba masikio. Lakini mjuaji hawezi kumsikia mtu akikosea akanyamaza. Msichana alipofika mwisho na kuukosea kwa mara nyingine, Koyote akashindwa, akafungua kinywa kumsahihisha, na wimbo ukamtoka ukaruka kama ndege, ukarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Kule Wundanyi kulilipuka. Hapa Haltom City Maghanga alikuwa juu ya meza. Nikasikia sauti ya Bibi juu ya sauti zote ikisema, "Nilisema mimi. Nilisema mdomo." Na jogoo akawika, ndani ya simu, kwa hiyo ikabidi tuseme kwaheri haraka kabla kwao hakujapambazuka.

Miaka imepita. Nilihamia Pearland, karibu na kwa mama mdogo, na kila Jumamosi tangu wakati ule Bibi amenipigia au nimempigia. Na kila Jumamosi amesahau kitu. Sungura alimfanyaje vile fisi? Yule jirani yenu wa Haltom City alikuwa mwanamume au mwanamke? Ule mlima wa kwanza? Nikimsahihisha tunahamia lingine, saa nzima inakwisha. Wenzangu niliokua nao Dallas na Fort Worth, wengi Kiswahili kiliwatoka pamoja na meno ya utoto. Kanisani huwa wananiuliza mimi nilikiwekaje. Siku zote nimejibu kwamba sijui, labda ni bahati.

Huku Pearland kuganda ni jambo la nadra, kuna miaka hakugandi kabisa. Nina nakala yangu ya kile kitabu na sikifungui mpaka nyasi ziwe nyeupe. Msimu wa baridi uliopita zilikuwa. Binti yangu Mkamburi ana miaka mitano, ananielewa kila kitu na kunijibu kila kitu kwa Kiingereza, na nimeshagomba mpaka nimechoka. Jioni ile nilikuwa nimetoka kazini miguu inawaka moto. Nikamlaza, nikaanza hadithi aliyoisikia mwaka wa nyuma yake, na kwa uchovu tu ulimi ukateleza, nikasema msichana akapanda mlima mweusi.

Mkamburi akaketi kitandani.

"Hapana, Mama," akasema kwa Kiswahili. "Mweupe. Mlima mweupe kwanza!"

Nikabaki nimeshika kitabu. Nikamkumbuka mwanamke mmoja anayemenya viazi, anayeimba beti zote za nyimbo zote bila kitabu, ambaye eti hawezi kukumbuka rangi ya mlima. Alikuwa anasahau mlima mweupe tangu kabla hatujajua mwisho wa kitabu. Hakuwa ameiga kwa msichana yule. Walikuwa wanajua jambo moja, yeye na mwandishi wa kile kitabu, na mimi nilikuwa Koyote wake. Kila Jumamosi kwa miaka yote hiyo amenifungulisha kinywa. Sikulia, lakini ilibidi nimwombe Mkamburi angoje kidogo.

Alipolala nikampigia. Kwao kulikuwa kunapambazuka, na Bibi, ambaye sasa ni mzee kweli, alikuwa jikoni, namsikia na sufuria zake. Tulisalimiana. Akauliza kama kumeganda. Nikasema kumeganda, na nimeanza kumsimulia Mkamburi ile hadithi yetu, ila Bibi, nimesahau kitu. Ule mlima wa kwanza ulikuwa mweusi, siyo?

Sufuria zikanyamaza.

"Mweusi," nikasema tena. "Nina hakika. Na farasi alikuwa mwekundu."

"Mweupe," akasema Bibi. Lilimtoka. "Mweupe kwanza, na farasi wa feruzi, wewe Wakio, umekuwaje?"

Halafu akatulia, nikamsikia akivuta pumzi, na akaanza kucheka, kicheko kile cha kuita mbuzi ng'ambo ya bonde, mpaka Mkamburi akaamka, akatoka chumbani akifikicha macho, akaniuliza kwa Kiswahili ni nani huyo.